MIHULA MINNE KWA MWAKA? Tupige hesabu kwanza, kisha tubishane



Wiki ya kufungua shule, stendi ya Lushoto huwa haipitiki. Masanduku ya bati, magodoro yaliyokunjwa na kufungwa kamba, ndoo zilizoandikwa majina kwa rangi, na akina mama wanaohesabu noti mara tatu kabla ya kumkabidhi mtoto. Juzi kati nilikuwa natoka Mombo, nimebanwa siti ya nyuma kabisa ya Noah, na tulipoipita Soni ukazuka ubishi. Kaka mmoja akasema Tanzania tungegawa mwaka wa shule kwenye mihula minne mifupi, kama wanavyofanya baadhi ya nchi za nje, watoto wasingechoka wala kusahau masomo.

Mama mmoja akamjibu hapo hapo: "Mwanangu, wewe hujawahi kufungasha mtoto wa bweni. Mara mbili tu kwa mwaka nazeeka. Ukinipa mara nne si utanizika?"

Gari zima tukacheka. Ila nilipofika nyumbani swali likawa bado linanisumbua. Kati ya yule kaka na yule mama, nani ana haki? Basi nikakaa nikasoma, nikapiga na hesabu (hisabati nilipata D, kwa hiyo mnisahihishe). Leo nawaeleza nilichokipata.

KALENDA YETU IKOJE

Kwa sasa shule zetu za msingi na sekondari zina mihula miwili. Wa kwanza unaanza Januari na kuisha karibu na Juni. Wa pili unaanza Julai na kuisha Desemba. Katikati ya kila muhula kuna likizo fupi: moja inaangukia mwishoni mwa Machi au Aprili, nyingine Septemba. Siku za masomo kwa mwaka mzima ni 194. Ukigawa kwa siku tano za wiki unapata kama wiki 39.

Sasa hebu angalia vizuri. Mihula miwili, kila mmoja umekatwa katikati. Hivyo ni vipande VINNE. Kwa maana hiyo yule kaka wa kwenye Noah anaomba kitu ambacho nusu yake tunacho tayari. Tofauti ni kwamba likizo fupi haina mambo mengi: mtoto anaenda, anarudi, anaendelea na daftari lile lile. Muhula ukiisha ndiyo kuna mtihani, ripoti, mkutano wa wazazi, na orodha mpya ya vitu vya kuleta. Kumbukeni hili, nitalirudia.

Na msidhani kalenda ni kitu kisichoguswa. Mtihani wa kidato cha sita zamani ulikuwa Februari, kuanzia 2014 ukahamia Mei. Mwaka 2020 shule zote zilifungwa Machi kwa sababu ya Korona, kidato cha sita wakarudi Juni 1 na wengine Juni 29, na kalenda yote ikapangwa upya. Kwa hiyo inabadilika. Swali ni ibadilike kwa faida ya nani.

WANAOTAKA MIHULA MIFUPI WANASEMAJE

Hoja zao ni tatu, na kwa kweli siyo za kijinga.

Kwanza, kusahau. Likizo ndefu inamfanya mtoto arudi kichwa cheupe, mwalimu anaanza kurudia ya nyuma. Pili, kuchoka. Muhula wa wiki karibu ishirini ni mrefu, wiki za mwisho watu wanakuwepo darasani miili tu. Tatu, kwa watoto wa bweni na wale waliopanga vyumba mbali na kwao, mzazi anapata nafasi ya kumwona mtoto wake mapema kabla mambo hayajaharibika.

Mifano ipo. Jimbo la New South Wales kule Australia liliacha mihula mitatu likaingia minne mwaka 1987, na New Zealand nao wakafanya hivyo mwaka 1996. Mpaka leo wako huko, muhula unakuwa wa wiki kumi hivi. Marekani kuna shule zilizojaribu mtindo wa siku 45 za masomo kisha siku 15 za mapumziko, mwaka mzima. Wilaya moja ya shule inayoitwa Valley View, jimbo la Illinois, ilianza hivyo mwaka 1970, na sababu yake kubwa wala haikuwa kusahau masomo. Madarasa yalikuwa hayatoshi! Waliwagawa wanafunzi makundi, kundi moja likiwa likizo mengine yanatumia majengo. Na tafiti nyingi za huko Marekani zinaonyesha kwamba ukipanga upya siku zile zile bila kuongeza hata moja, alama za wanafunzi hazibadiliki sana.

Ila Australia ni mbali. Tuangalie hapa jirani.

KENYA WALIONJA

Wenzetu wa Kenya kawaida yao ni mihula mitatu kwa mwaka. Korona ilipoingia walifunga shule Machi 2020, na wanafunzi wengi hawakurudi mpaka Januari 2021. Mwaka mzima ulikuwa umepotea. Ili kuufidia, Serikali yao ikaja na kalenda ya kukimbiza: badala ya wiki 39 kwa mwaka, wiki 30, na likizo zikakatwa mpaka zikabaki siku chache.

Muhula wa kwanza ulianza Julai 26, 2021 ukaisha Oktoba 1. Wa pili ukaanza Oktoba 11 ukaisha Desemba 23. Wa tatu Januari 3, 2022 mpaka Machi 4, kisha mitihani ya taifa. Mwezi wa nne mwaka mpya wa masomo ukaanza, nao ukaisha Novemba. Yaani ndani ya 2022 peke yake watahiniwa wa kidato cha nne walifanya mtihani mara mbili, kundi moja Machi na jingine mwishoni mwa mwaka.

Matokeo yake? Walifanikiwa kurudi kwenye mstari. Januari 2023 kalenda ya kawaida ilirudi. Hilo tuwape. Ila njiani palikuwa na moto, na hapa sisemi kwa mafumbo. Oktoba na Novemba 2021 shule nyingi za bweni zilichomwa na wanafunzi wenyewe. Sababu zilizotajwa zilikuwa nyingi, ila mojawapo ilikuwa uchovu: muhula ule ulipangwa bila mapumziko ya katikati. Baada ya vurugu, Wizara ikatoa mapumziko ya siku chache kuanzia Novemba 19.

Na wazazi je? Serikali ilishusha ada kulingana na wiki zilizopungua. Shule za bweni za kitaifa zilitoka shilingi za Kenya 53,554 kwa mwaka mpaka 45,000. Kwenye karatasi unaona nafuu. Ila mzazi alilalamika, kwa sababu ada ya muhula ilikuwa inamfikia kabla hajamaliza kuhema ya muhula uliopita. Mshahara haukukimbizwa. Mahindi hayakukimbizwa. Ng'ombe hakutoa maziwa mara mbili kwa sababu Wizara imebana kalenda.

Hapo ndipo nilipomwelewa yule mama wa kwenye Noah.

KUBANA SIYO KUKATA

Sasa wadau, tusichanganye mambo mawili.

KUBANA ni kile cha Kenya: unapunguza jumla ya wiki, unasukuma mihula ije haraka haraka. Ni dawa ya dharura.

KUKATA ni kile cha Australia: siku zinabaki zile zile, unazigawa vipande vingi zaidi, na likizo unazisambaza.

Anayesema "mihula minne ilishindikana Kenya" amekosea, kwa sababu kule walibana. Na anayesema "Australia wanaweza kwa nini sisi tushindwe" naye ajue kule mtoto anapelekwa shule kwa basi, harudishwi nyumbani kwa sababu ya rimu ya karatasi.

HESABU YA SAMAKI

Hii ndiyo sehemu niliyotaka mfike.

Ukinunua samaki wawili wakubwa, unatupa vichwa viwili na mikia miwili. Ukinunua wanne wadogo wenye uzito ule ule, unatupa vichwa vinne na mikia minne. Nyama inayobaki inapungua.

Muhula nao una kichwa na mkia. Kichwa ni wiki ya kwanza. Shule niliyosoma (jina tuliache), wiki ya kwanza ilikuwa ni kufyeka, kuosha madarasa na kusubiri wengine wafike. Mwalimu anakwambia hawezi kuanza mada mpya wakati nusu ya darasa bado iko kwao. Ambaye hakuleta rimu, fagio na mchango anarudishwa. Mimi nimerudishwa zaidi ya mara moja. Kupanda mlima siku hiyo hiyo kurudi kumwambia mama "wamenirudisha" ni kitu usichokisahau. Mkia ni wiki ya mwisho: mtihani umekwisha, walimu wanasahihisha, wanafunzi wanapiga soga.

Tuseme kila muhula unapoteza wiki moja kichwani na moja mkiani. Mihula miwili inapoteza wiki nne, katika 39 zinabaki 35. Mihula minne inapoteza wiki nane, zinabaki 31. Tofauti ni wiki nne, yaani mwezi mzima kila mwaka. Toka kidato cha kwanza mpaka cha nne ni wiki 16. Karibu muhula mzima wa sasa umeliwa na kufyeka na kusubiri!

Mtasema na likizo fupi zina vichwa na mikia. Ni kweli, ila ni vidogo, kwa sababu hakuna ripoti wala orodha mpya. Ndiyo maana nilisema mkumbuke. Kukata siyo tatizo. Tatizo ni kile tunachokitundika kwenye kila mkato.

SASA TURUDI MILIMANI

Kalenda ya Wizara ni moja kwa nchi nzima, lakini mvua haiwezi kuwa moja. Huku Usambara masika inapiga toka Machi mpaka Mei. Ni wakati wa kupalilia, na ni wakati barabara za vijijini zinakuwa sabuni. Hata lami ya Mombo kuja Lushoto, kilomita thelathini na kitu, imewahi kufungwa na maporomoko. Juni na Julai ni baridi na ukungu. Mahindi na maharage ya masika yanavunwa kuanzia katikati ya mwaka. Vuli inakuja Oktoba mpaka Desemba, na Desemba kuendelea ni msimu wa plamsi na peasi, ndipo nyumba nyingi zinapata senti kidogo.

Sasa jiulize: mzazi ana hela lini? Baada ya mavuno na msimu wa matunda. Hana hela lini? Machi na Aprili, chakula cha ghalani kimekwisha na shambani bado. Ukimwekea muhula mpya uanze Aprili, na orodha yake, umemvizia wakati mbaya kabisa. Isitoshe unamwambia mtoto abebe sanduku kutoka Mtae au Mgwashi wakati njia imekatika.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo linaloniuma. Kila likizo ni mlango. Watoto wanatoka, na wengine hawarudi. Darasani kwetu kila shule ilipofunguliwa kulikuwa na dawati lenye nafasi. Msichana kapelekwa Dar kufanya kazi za ndani. Mvulana kafuata lori la karoti mpaka Kariakoo, kaona noti, kaamua kubaki. Niliyekaa naye dawati moja kidato cha pili alifunga shule Desemba na sisi, Januari hakuonekana. Alikuwa ananizidi hisabati mbali sana.

Nikiangalia jambo hili naona linakata kote kuwili. Mihula minne ni milango minne, na kila mlango una orodha ya vitu vya kuleta inayoweza kumfungia mtoto nje. Lakini likizo ikiwa fupi, wiki mbili badala ya mwezi, mtu wa kumpeleka msichana Dar anakuwa na muda mdogo. Rafiki yangu aliondoka kwenye likizo NDEFU. Hapo yule kaka wa kwenye Noah naye ana pointi, lazima nimpe.

MWALIMU ALISHALIGUSA

Wengi tunaijua Elimu ya Kujitegemea kwa kulima shamba la shule tu. Lakini Mwalimu Nyerere kwenye andiko lile la Machi 1967 aligusia likizo pia. Hoja yake ilikuwa nyepesi: mifugo haiwezi kuachwa peke yake shule ikifungwa, na shamba la shule haliwezi kulisha wanafunzi ikiwa wote wako likizo wakati wa kupanda, kupalilia au kuvuna. Akasema mambo haya yanaweza kubadilishwa, mfano madarasa yakaenda likizo kwa zamu.

Miaka zaidi ya hamsini imepita. Wazo la kwamba kalenda ifuate shamba siyo la Australia wala la mtandaoni. Ni la hapa hapa.

MSIMAMO WANGU

Sipingi mihula mifupi. Napinga kuileta kabla ya kurekebisha manne haya:

1. Michango na vifaa viwe vya MWAKA, siyo vya muhula, na mzazi aruhusiwe kulipa wakati wa mavuno. Ada ya sekondari za kutwa za Serikali iliondolewa kuanzia 2016, na kidato cha tano na sita wakafuata 2022. Ni jambo kubwa. Lakini orodha ya siku ya kufungua ndiyo ada ya watu wa milimani.

2. Kipindi cha kwanza cha siku ya kwanza kiwe cha kusoma. Hata kama wamefika kumi. Wakijua mada inaanza bila wao, watafika. Kufyeka kuwe jioni.

3. Mtihani mkubwa wa shule ubaki mara mbili kwa mwaka. Mihula minne yenye mitihani minne mikubwa itatufanya tusahihishe zaidi kuliko kufundisha.

4. Tarehe za likizo fupi ziachiwe wilaya, japo wiki moja mbele au nyuma. Lushoto siyo Mtwara. Mitihani ya taifa ibaki siku moja nchi nzima, hilo halina ubishi, ila wiki ya mapumziko ya Aprili inaweza kufuata mvua ya mahali.

Mkifanya haya manne, mtagundua kitu cha kuchekesha: vile vipande vinne tulivyo navyo sasa vitakuwa vinafanya kazi ya mihula minne, bila kubadilisha hata jina. Na msipofanya, mkate minne au minane, mtoto wa Lukozi atakuwa anarudishwa rimu mara nyingi zaidi, basi.

Yule mama alikuwa anaongelea nauli, yule kaka anaongelea kichwa cha mtoto. Wote walikuwa sahihi, ila hakuna aliyemuuliza mwenzake swali la pili. Mimi la kwangu nawauliza nyinyi, wa Lushoto, wa Tanga mjini na mlioko mbali: kwenu huko, wiki ya kwanza ya kufungua shule mlikuwa mnafundishwa au mnafyeka? Na kuna mwenzenu wa darasani ambaye hakurudi baada ya likizo? Ilikuwa likizo gani?

Andikeni hapo chini. Matusi hapana, hoja karibu.

Nawasilisha.